Kichwa cha Mtoto si Ghala

Liko neno linalosemwa sana hapa Iguguno na katika vijiji vingine vya Mkalama, nami nataka kulipinga. Watu husema, "Mtoto wa fulani ana akili, maana amekishika kitabu chote kichwani." Wazazi hulisema kwa furaha, na walimu, ambao walipaswa kujua zaidi, huliitikia. Mtoto akisimama akasoma kurasa tatu za jiografia pasipo kuangalia, sote twapiga makofi. Lakini mwulize jambo lile lile kwa maneno mengine, naye hunyamaza kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Nasema waziwazi: mtoto huyo amebeba mzigo, hajapata maarifa, na sisi tumpigiao makofi ndio tuliomtwisha.

Tangu vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 vigawiwe walimu, nasikia hoja ya pili. Wasema kompyuta ina akili kwa kuwa imehifadhi mengi, basi mtoto naye na ahifadhi mengi ili afanane nayo. Hoja hii ni mbovu kuliko ya kwanza, maana waisemao hawajui mashine hiyo inavyofanya kazi. Kuhifadhi si ajabu. Hata gunia huhifadhi. Ajabu ya kompyuta ni kukunja: kutwaa habari nyingi na kuzifanya chache, kisha kuzikunjua tena zikawa kama zilivyokuwa.

Fungueni kitabu cha nyimbo mwone. Wimbo una beti sita na kiitikio. Je, mpiga chapa amekiandika kiitikio mara sita? La, amekiandika mara moja, na baada ya kila ubeti ameweka neno moja tu la kutukumbusha, nasi twajua la kufanya. Karatasi imepungua, wala wimbo haukupungua hata silabi. Hivyo ndivyo walivyofundisha Abraham Lempel na Jacob Ziv mwaka 1977: mashine ikikutana na maneno iliyokwisha kuyaona, isiyaandike tena, bali iandike tu, "rudi nyuma mahali fulani, utwae herufi kadha wa kadha." Faili nyingi zitumwazo leo zimekunjwa kwa njia zilizotokana na hiyo. Na kabla yao, mwaka 1948, Claude Shannon wa Marekani alikwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba habari yenye mambo ya kujirudia au ya kubashirika yaweza kufupishwa, tena kwamba uko mpaka usioweza kuvukwa pasipo kupoteza kitu. (Watu wa telegrafu walilijua jambo hili kwa mazoea. Herufi e waliipa alama fupi kuliko zote, nukta moja, kwa kuwa Kiingereza huitumia mno. Kama Morse angalikuwa Mswahili, heshima hiyo angaliipa a.) Lakini tarakimu elfu moja zilizoandikwa ovyo, zisizo na mpango wowote, hakuna mashine itakayozikunja. Penye mpango ndipo penye kukunjika.

Sasa, je, kichwa cha mtu kina sheria nyingine? Mwaka 1956 George Miller, mtaalamu wa saikolojia, aliandika kwamba mtu huweza kushika kwa mara moja vitu saba hivi, wala si zaidi sana. Ila kila kitu chaweza kuwa fungu lenye mambo mengi ndani yake. Ndiyo sababu namba ya simu yenye tarakimu 10 twaitaja kwa mafungu. Kisha mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde tano tu, wakauficha. Bingwa aliweza kurudisha kete nyingi mahali pake, na mwanagenzi chache. Ndipo wakazitawanya kete ovyo, pasipo mpango wa mchezo, wakajaribu tena. Safari hii bingwa hakumpita mwanagenzi ila kidogo mno. Basi yule bingwa hakuwa na ghala kubwa kuliko wenzake. Alikuwa na mikunjo, na palipokosekana mpango mikunjo yake haikumfaa.

Wala si sataranji peke yake. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar, akatoa kitabu juu ya ubingwa wao mwaka 1995. Mtu awezaye kuona kichwani kete zitakavyozunguka na kuishia kabla hajagusa hata moja, hakukariri orodha ya michezo yote iliyopata kuchezwa. Hakuna kichwa kingeitosha orodha hiyo.

Lakini ushahidi mkubwa tunao darasani. Mwambie mtoto wa darasa la pili neno hili kishikwambi, ambalo babu yake hakupata kulisikia, umwulize vikiwa viwili husemwaje. Atajibu papo hapo, "Vishikwambi." Ni nani aliyemfundisha? Huyu nyumbani husema Kinyiramba, na Kiswahili amekipata shuleni na barabarani. Amekikunja kiti, na kisu, na kikapu, na kitabu, na mengine mamia, yakawa kanuni moja ndogo, naye ameikunjua juu ya neno jipya. Akili ndiyo hiyo. Aliyekariri ana orodha. Aliyeelewa ana kanuni ndogo itoayo orodha ile na nyingine isiyoandikwa bado.

Najua nitaulizwa, "Mwalimu, basi jedwali la kuzidisha lisikaririwe?" Sikusema hivyo. Na likaririwe, lakini kwa akili. Kutoka 1 mara 1 hadi 10 mara 10 yako majibu 100. Mtoto aliyetambua kwamba 7 mara 8 ni sawa na 8 mara 7 amebakiwa na 55. Akiona kwamba fungu la 1 na fungu la 10 havina kazi, amebakiwa na 36 tu. Sisi twawaimbisha yote mia, asubuhi hata asubuhi, kisha twashangaa kwamba wamechoka.

Tena kuna kukunja kubaya, nako kumeenea. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua mashine za kunakili nyaraka zilizokuwa zikibadili tarakimu: palipoandikwa 6 palitokea 8, safi kabisa, pasipo doa. Mashine, ili kupunguza, iliona maumbo mawili yakifanana ikayafanya kuwa moja. Vile vijitabu vya maswali na majibu viuzwavyo mnadani ni ndugu wa mashine zile. Vimefupisha somo, lakini mtoto hakupewa njia ya kulikunjua, na kosa likiwamo halionekani, kwa kuwa limepigwa chapa nzuri. Wazazi wanauza debe la alizeti kununua vitu hivyo!

Wako wataalamu waendao mbali zaidi. Gerard Wolff wa Uingereza ametetea miaka mingi kwamba kazi ya kompyuta na kazi ya akili ya mtu zaweza kuelezwa kwa neno hili moja la kukunja habari, na Marcus Hutter aliweka zawadi mwaka 2006 kwa atakayekunja vizuri kupita wenzake sehemu ya ensaiklopidia ya Wikipedia, kwa hoja kwamba hawezi kuikunja sana asiye na maarifa. Mimi siendi nao mpaka mwisho wa njia. Huruma ya mama kwa mtoto mgonjwa sijaona bado hesabu ya kuikunja. Lakini katika mambo ya kujifunza nawakubali, na wale wanaoitetea kasuku darasani kwa jina la kompyuta wajue kwamba kompyuta yenyewe imewakana.

Kwa hiyo wazazi, mtoto arudipo jioni msimwambie asome kwa moyo. Mwulizeni lisilomo kitabuni. Kama amefundishwa eneo la mstatili, mpelekeni kwenye shamba lenu la alizeti, apime kwa hatua urefu na upana, awaambie ni hatua za mraba ngapi, na nusu yake ni ngapi mkitaka kupanda mtama. Akishindwa, msimpige. Njoni shuleni mtuulize sisi walimu tulimfundisha nini.