Chanzo Ni Kile Anachokifungua Mwandishi

Programu huria inapofungashwa kwa ajili ya mfumo endeshi wa Debian, swali moja huzua ubishi kuliko mengine: msimbo chanzo wake ni upi? Leseni ya GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, ilikwisha kulijibu: ni lile umbo la kazi linalopendelewa na anayetaka kuibadilisha. Hata hivyo hoja za kulikwepa jibu hilo haziishi, na nyingi hutolewa na watu wema waliochoka. Nazichukua moja moja.

"Faili linasomeka, basi ni chanzo." Lifungue jquery.min.js, faili lililobanwa la maktaba ya JavaScript iitwayo jQuery. Maelezo yamefutwa, nafasi zimeondolewa, majina ya vigeu yamebaki herufi moja moja: e, t, n. Kivinjari kinalielewa bila shida. Lakini waandishi wa jQuery hawarekebishi hitilafu humo. Hurudi kwenye mafaili yao yenye majina kamili, kisha programu nyingine huyabana upya. Anayepewa lililobanwa peke yake amepewa matokeo ya kazi.

"Leseni ni huru, inatosha." Haitoshi. Leseni hutoa ruhusa ya kubadilisha, na pasipo chanzo ruhusa hiyo haitumiki. Ndiyo maana miongozo ya Debian ya 1997 inadai vyote viwili.

"Mafaili yaliyozalishwa na mashine hayana madhara, yamewekwa kurahisisha ujenzi." Hapa sina subira, kwa sababu mwaka 2024 tuliona madhara yake. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalitolewa yakiwa na mlango wa siri. Faili moja la maandalizi ya ujenzi, build-to-host.m4, lilikuwamo kwenye kifurushi cha toleo lakini halikuwamo kwenye hazina ya Git ambako watu hukagua mabadiliko. Kwa kuwa mafaili ya aina hiyo huingizwa na zana wakati wa kuandaa toleo, ni wachache waliofikiria kulilinganisha na la asili. Lenyewe liliamsha msimbo uliofichwa katika mafaili ya majaribio, ambayo yalikuwa wazi kwenye hazina, ila hayakuwa na maelezo ya jinsi yalivyotengenezwa. Mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Sidai kwamba kudai chanzo kungemzuia kila mhalifu. Nadai kwamba huyu wa xz alijificha pale hasa tulipozoea kutouliza.

"Picha, fonti na tafsiri si programu." Mwaka 2004 wanachama wa Debian walipiga kura, wakaamua kuwa masharti ya uhuru yahusu kila kilichomo. Kwa haki: picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa JPEG, hiyo ndiyo chanzo chake. Lakini mfasiri wa Kiswahili hufungua faili la .po, lenye sentensi ya asili na tafsiri yake chini. Ukimpa .mo pekee, iliyokwisha kugeuzwa kwa ajili ya kompyuta, umemwondolea kalamu.

"Mwandishi mwenyewe amekipoteza." Ikiwa ni kweli, naye sasa anahariri kilichobaki, basi kilichobaki ndicho chanzo; nalikubali hilo bila kinyongo. Mfungashaji aulize tu kwanza, maana "sina" na "sitoi" ni majibu mawili tofauti.

"Modeli ya akili unde haina chanzo zaidi ya namba zake." Kuna ukweli kidogo: watu wengi huirekebisha kwa kuifunza zaidi kutoka kwenye namba hizo. Fasili ya akili unde huria iliyotolewa na shirika la Open Source Initiative Oktoba 2024 iliridhika na maelezo ya kina kuhusu data, bila kulazimisha data yenyewe. Kwangu hapo ilipungua. Modeli ikikosea ngeli za Kiswahili kila mara, anayetaka kuitengeneza kutoka mzizi anahitaji kuona ilisoma Kiswahili gani, na kwenye namba zile hakuna pa kukisomea.