Nyundo Si pa Kupiga Picha Tu

"Msiulize mambo ya siasa." Ndivyo alivyotuambia mpanga safari kabla hatujashuka garini Nyundo, kilomita chache kutoka mjini Gisenyi. Vijana wa kambini na mimi mkubwa wao, chupa za maji mkononi, eti tumekuja kuona kanisa la kihistoria tupumzishe akili.

Historia tukapewa, sawa. Mapadri Weupe walifungua misioni hapa mwaka 1901. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akawa askofu wa Nyundo, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika nchi zote walizotawala Wabelgiji. Kongo yetu ikiwemo! Shuleni sikuwahi kulisikia hilo. Halafu maelezo yakaruka, tukafika kwenye kwaya na misa za Jumapili. 1994 haikutajwa.

Aprili 1994 Watutsi walikimbilia hapa hapa, seminarini na kanisani, wakidhani hakuna atakayemwaga damu mbele ya altare. Waliuawa, na mapadri pamoja nao. Hiyo ndiyo siasa?

Kambini wapo wanaosema, "Hayo ni ya Wanyarwanda, sisi tuna yetu." Hapana, ndugu zangu. Tulipokimbia tulilala wapi? Mimi nililala siku tatu chini ya mabenchi ya kanisa, mama akinong'ona kwamba hapa hakuna wa kutugusa. Ukuta haukutulinda. Wenye bunduki walipita barabara nyingine, basi.

Na kabla ya mapanga kulikuwa na maneno. Redio iliwaita watu mende, kila siku, mpaka jirani akazoea. Nendeni leo kwenye foleni ya maji msikilize vijana wetu wanavyoitana kwa kabila, majina ya wadudu na nyoka, na watu wazima wanacheka. Hao ndio tuliowapeleka Nyundo tukawaonyesha madirisha.

Ninyi wa misaada, najua mnachoogopa: watoto wataumia. Wameshaumia. Wanaota usiku, tunawasikia, mahema yetu hayana ukuta. Kinachowakosa ni mtu mzima wa kuwaeleza ilivyoanza.

Tukiwa tunarudi garini, kijana mmoja akauliza, "Walikufia humu ndani?" Mpanga safari akatazama saa yake. Nikamwambia kijana tukae kwenye ngazi. Wengine nao wakaja kukaa, na gari likangoja.