Paswedi ya waifai siyo pipi ya chenji

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, kuanzia Rusumo hapa Ngara mpaka Nyakanazi kule Biharamulo, mimi nasema wazi: kumgawia kila mteja paswedi ya waifai siyo ukarimu, ni kuacha droo ya duka wazi. Kinacholiwa siyo bando tu. Mtu akiingia akakuta ruta bado ina paswedi ya kiwandani, anaweza kuibadilisha akakufungia nje, na oda zinakusubiri.

Leo leo soma kibandiko chini ya ruta, fungua anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Badilisha paswedi zote mbili, ya msimamizi na ya waifai. Chagua WPA2 au WPA3, zima WPS. Kama ina mtandao wa wageni, wateja waingie huko.

Wewe yako ulibadilisha lini?