Wazima Huko?

Kwetu Kisanga, ukipishana na mtu asubuhi anakwenda shamba, jembe begani, atakuuliza: "Wazima nyumbani?" Nawe utajibu: "Wazima." Neno hilo linabeba afya ya mwili na pia hali ya kitu kisichovunjika: chungu kizima, mkate mzima, kijiji kizima. Wayahudi nao husalimiana kwa *shalom*, ndugu wa *salama* yetu tuliyoipata kwa Waarabu, na mzizi wake unahusu kitu kilichotimia, kisicho na ufa.

Huku kwetu Kilosa na Mikumi, Myahudi tunamjua kwa masikio tu. Mchungaji humtaja, sheikh humtaja, redio humtaja vita vinapowaka. Oktoba 7, 2023 vita hivyo viliingia hadi katika nyumba za Watanzania, vijana wetu wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo walipouawa. Tangu hapo kijiweni husemwa "Wayahudi wanataka hivi", kana kwamba wana kinywa kimoja. Hawana. Marekani, utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 75 ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoishika sheria ya dini kwa ukali, wakielekea chama cha Republican, huku asilimia 71 ya Wayahudi wote wakielekea Democratic.

Mpasuko wao uliwahi kupita jirani na kwetu. Mwaka 1903 Uingereza iliwapa wazo la kuhamia Uasin Gishu, Kenya ya leo, wakimbie mauaji ya Urusi. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, alilifikisha wazo hilo kwenye mkutano wao wa Basel mwezi Agosti. Wajumbe 295 walikubali watumwe watu wa kuichunguza nchi hiyo, 178 wakakataa, na wengi wa waliotoka Urusi, ambako damu ilikuwa bado mbichi, wakainuka wakatoka ukumbini. Mwaka 1905 wazo likazikwa.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi kiko Mbale, Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa Waingereza, aliisoma Torati, akajitahiri, akatahiri na wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Idi Amin aliwapiga marufuku. Wakasali kwa kificho, wakabaki mia chache tu. Mateso hayo hayakuwapasua. Kilichowapasua ni kutambuliwa. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Konsavativu walikuja kuwaingiza rasmi katika dini, na wengi walikubali. Wenzao wa kijiji cha Putti wakasema hapana, sisi twangoja Waorthodoksi. Watu waliojificha pamoja sasa wanasali mbalimbali, kwa majina ya madhehebu yaliyozaliwa Ulaya na Marekani. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi mwaka 2008, akaingia bungeni mwaka 2016. Hata hivyo mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilimkatalia muumini wa jumuiya hiyo kuhamia kule.

Sipuuzi hoja ya wanaokataa kuwatambua. Watu waliotawanyika karibu miaka 2,000 bila dola walibaki watu kwa sababu mlango ulikuwa na bawabu. Ukimwondoa bawabu, baada ya vizazi viwili huenda nyumba yenyewe isijulikane. Ila naona wamechanganya maswali mawili: nani ana haki juu ya sheria, na nani tutakaa naye mkekani. La kwanza linaweza kungoja hata miaka mia. La pili haliwezi.

Msibani kwetu mbuzi huchinjwa na Mwislamu, hata marehemu akiwa Mkristo. Mzee wa kanisa ndiye huwa anauliza, "Nani atatuchinjia?" Kijana anakishika kisu, anamgeuza mbuzi kuelekea kibla, anataja jina la Mungu, na saa mbili baadaye sinia moja linazungukwa na mikono ya wote. Hakuna aliyebadili dini. Nayasema haya nikijua kwamba katika wilaya hii hii, Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tunajua bei ya mkeka unaokunjwa.

Ndiyo maana nasikitika kwamba mwaka 2016 serikali ya Israeli ilipitisha mpango wa eneo la wanaume na wanawake kusali pamoja kwenye Ukuta wa Magharibi, mahali patakatifu pa Wayahudi, kisha Juni 2017 ikausimamisha. Kisu kilikuwa kimepatikana, wakakirudisha alani.

Mbale kuna aliyekishika. J. J. Keki, Myahudi na mkulima wa kahawa, alikuwa New York Septemba 11, 2001, akayaona maghorofa yakishambuliwa. Aliporudi alipita nyumba hadi nyumba kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Kila mtu ana siku yake ya kusali, na mzani ni mmoja. Gunia likishushwa, karani husoma kilo.