Baraka iliambiwa wawili, mbona lawama abebe mke?

NI nadra kuhudhuria harusi ya kanisani humu nchini bila kumsikia mhubiri akiwakumbusha maharusi agizo la kuzaa lililo katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo. Waumini hupiga makofi, kina mama hupiga vigelegele, na jamaa wa pande zote mbili huanza kuhesabu miezi.

Sipingi mahubiri hayo. Kwa Mkristo, mtoto ni zawadi na kumlea ni wito. Swali langu ni hili: Je, mwaka ukipita na mimba isipatikane, sisi tuliopiga makofi huwafanyia nini wawili hao?

Jibu twalijua. Mke ndiye huulizwa maswali. Mke ndiye huitwa mbele aombewe huku mumewe akiwa ameketi kitini kama mgeni. Mama mkwe naye humnong'oneza mwanawe atafute mwingine wa kumzalia. Hata neno 'tasa' tukilitamka, aghalabu anayetujia akilini ni mwanamke.

Hapo ndipo tunapopotoka, kiimani na kitabibu pia. Ukiisoma sura hiyo kwa makini utaona kwamba baraka ile waliambiwa wawili, mume na mke. Basi tatizo likizuka, ni la wawili, na njia ya kwenda hospitalini ni ya wawili.

Tuanze na utabibu. Madaktari huhesabu kuwa kuna tatizo la uzazi iwapo mume na mke wamekutana mara kwa mara kwa miezi 12, bila kutumia njia yoyote ya kupanga uzazi, na mimba haijapatikana. Mke aliyepita umri wa miaka 35 asingoje mwaka. Miezi sita yatosha. Katika ripoti yake ya mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila sita hukumbwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Na katika karibu nusu ya visa, upande wa mume unachangia, ama peke yake ama pamoja na wa mke.

Kwa wanawake wengi wa bara letu, chanzo ni mirija ya uzazi iliyoziba. Hii mara nyingi hutokana na kisonono au klamidia ambayo haikutibiwa mapema, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika ama kutolewa kwa njia ya hatari. Wengine mayai yao hayakomai ipasavyo, au wana uvimbe katika mji wa mimba.

Kwa wanaume, mbegu huweza kuwa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Kuna waliovimba mishipa ya damu kwenye korodani, kasoro ambayo huweza kurekebishwa kwa upasuaji. Kuna waliougua matumbwitumbwi baada ya kubalehe yakawadhuru korodani. Sigara na pombe nyingi hudhoofisha mbegu. Vijana wanaojidunga homoni za kutunisha misuli nao wajue kwamba dawa hizo huweza kusimamisha utengenezaji wa mbegu.

Bwana usomaye makala haya, nguvu zako chumbani si ushahidi kwamba una mbegu za kutosha. Wala mtoto uliyempata miaka kumi iliyopita si ushahidi wa hali yako ya leo. Ushahidi ni kipimo. Unajizuia kukutana na mkeo kwa siku mbili hadi saba, kisha unapeleka manii maabara. Hakuna kisu wala sindano. Mkeo, kwa upande wake, huenda akahitaji kupigwa picha ya mirija, na wengi huona kipimo hicho kina maumivu. Je, ni haki kumtanguliza yeye katika mateso hayo wakati kipimo chako chepesi hakijafanywa?

Wapo watakaosema kwamba kwenda kwa daktari ni kukosa imani. Basi na tumtazame Hana, mama yake nabii Samweli. Alidhihakiwa na mke mwenzake kwa kutozaa. Alipokwenda hekaluni kumlilia Mungu, kuhani Eli alimdhania kuwa mlevi. Mtumishi wa Mungu mwenyewe alikosea kumsoma mwanamke mwenye uchungu, na ni watumishi wangapi leo wanaorudia kosa hilo kwa kumwambia mke kwamba ana dhambi iliyofichika? Na Luka, anayetusimulia habari za Zakaria na Elisabeti waliokosa mtoto hadi uzeeni, ndiye Paulo anayemtaja kuwa tabibu katika Waraka kwa Wakolosai. Maombi na matibabu si maadui.

Hatari ya kuvitenganisha viwili hivyo tumeiona. Mwaka wa 2004 kilizuka kisa cha 'watoto wa miujiza', ambapo waumini wa kanisa moja la Uingereza walikuja Nairobi na kurudi na watoto. Mwaka huo huo jaji mmoja mjini London aliamua kwamba mmoja wa watoto hao hakuwa na uhusiano wa damu na waliodai kuwa wazazi wake. Kiu ya mtoto ni kubwa mno, na anayeitumia kujipatia sadaka humpokonya mke kitu kisichorudi, yaani miaka yake ya kuzaa.

Tiba ziko. Maambukizi hutibiwa, mayai huchochewa kwa dawa, na baadhi ya kasoro hurekebishwa kwa upasuaji. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka wa 1978, na hapa Nairobi watoto wa namna hiyo walizaliwa mwaka wa 2006. Kanisa Katoliki halikubali njia hiyo, na gharama yake ni mzigo mzito kwa wengi. Lakini Kanisa hilo halikatazi uchunguzi wala kutibu ugonjwa wenyewe, na huko ndiko kwa kuanzia.

Na je, mtoto asipopatikana kabisa? Ndoa ingali ndoa. Sheria ya Kanisa Katoliki yasema wazi kwamba ugumba haubatilishi ndoa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka wa 2014 nayo haiutaji utasa miongoni mwa sababu za talaka ya Kikristo. Na wito wa kulea haujafungwa kwa damu: Yusufu alimlea Yesu, na binti Farao akamlea Musa. Njia ya kuasili mtoto kisheria ipo, na haina aibu yoyote.

Ombi langu kwa wachungaji na mapadri ni dogo. Katika mafunzo ya kabla ya ndoa, tengeni saa moja mumwalike muuguzi au daktari awaeleze maharusi mambo haya. Na wawili wakija kwenu wakilia, waombeeni wote wawili, kisha muwatume wote wawili kliniki.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Bwana, kipimo chako kinaanza wiki hii.