Ubao wa Kunakili Usiosahau

Mwalimu atungaye mtihani wa muhula kwa kompyuta aghalabu hufungua nyaraka nne au tano kwa pamoja: mitihani ya miaka iliyopita, muhtasari wa somo, mchoro wa moyo au wa mzunguko wa umeme. Huchukua swali huku akalipeleka kule, akarudi kuchukua mchoro, akarudi tena. Safari hizo zina sababu. Ubao wa kunakili wa kawaida, yaani ile sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayohifadhi kwa muda kitu kilichonakiliwa au kukatwa, hushika kitu kimoja tu. Kipya kikiingia, cha awali hutoweka.

Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, walitengeneza programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa Gypsy, wakiwalenga wahariri wa vitabu. Wahariri wa zama hizo walikata karatasi kwa mkasi na kubandika vipande mahali papya kwa gundi. Kompyuta ikaiga mwendo huo, na maneno “kata” na “bandika” yakabaki hadi leo. Hata hivyo, mwigo haukutimia: mhariri mwenye mkasi aliweza kutandaza vipande ishirini mezani na kuchagua, ilhali ubao wa kompyuta ulimpa nafasi ya kipande kimoja.

Kasoro hiyo iliondolewa polepole. Programu za Microsoft Office 2000 zilitoa nafasi 12, na toleo lililofuata likafikisha 24. Mwaka 2018 Windows 10 yenyewe ilipata historia ya ubao wa kunakili, yenye nafasi ya vitu 25, maandishi au picha. Mtumiaji hubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi V, huiwasha historia hiyo mara ya kwanza, na tangu hapo huchagua akitakacho katika orodha. Mwalimu aliyetajwa hapo juu angeweza kukusanya maswali yote kwanza, kisha akayabandika kwa mpangilio autakao.

Lakini meza iliyotandazwa vipande yaweza kuonwa na kila apitaye. Shule nyingi huwa na kompyuta chache, na watumiaji wote huingia kwa jina moja. Mwalimu akimaliza kazi, akahifadhi mtihani wake na kufunga programu, maswali yangali katika historia. Mwanafunzi ajaye baadaye hahitaji ujuzi wa wizi. Vitufe viwili vyamtosha. Ndivyo ilivyo pia kwa neno la siri lililonakiliwa kwa haraka.

Wapo wanaoshauri kwamba historia hiyo izimwe kabisa katika maabara za shule. Pale ambapo jina la kuingilia ni moja, ushauri huo ni wa haki. Kasoro yake ni kwamba haumfundishi mtu chochote, na mwanafunzi atakutana na chombo kile kile ofisini bila kukijua. Ubaya zaidi ni mazoea ya kufundisha somo hili kama orodha ya vitufe vya kukariri. Mwanafunzi hujibu upesi kwamba Ctrl na C hunakili, lakini akiulizwa kilichonakiliwa kimekaa wapi, hunyamaza. (Si yeye peke yake; watu wazima wengi nao hunyamaza.)

Kipindi kimoja chatosha kulitibu jambo hili. Historia ikiwa imezimwa, wanafunzi wanakili maneno matatu, moja baada ya jingine, kisha wabandike na kueleza kwa nini limetokea la mwisho pekee. Waiwashe, warudie, wabanue orodha, na kukibana kitu kimoja kwa pini. Hatimaye waiamuru kompyuta ianze upya, waifungue orodha tena, na waandike daftarini ni kipi kimefutika na ni kipi kimebaki.