VIWANJA VIUZE TIKETI VYENYEWE

Ndugu Mhariri,



Dar es Salaam tiketi za mechi kubwa zimekuwa zikiuzwa kwa mtandao kupitia mawakala. Huko watazamaji ni maelfu, wakala akikata chake pengo halionekani. Lakini katika mkoa wetu wa Simiyu, ulioanzishwa 2012, mapato ya mlangoni ni madogo. Anachochukua wakala kingetengeneza uwanja.

Halmashauri tayari zina mashine za kukusanyia ushuru wa masoko. Kwa nini zisiuzie tiketi mlangoni siku ya mechi, na katika ofisi za kata siku moja kabla? Mchezo ukiisha, idadi ya tiketi na mapato vitangazwe hadharani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mpenda Michezo,
Bariadi.